Alama za darasani au shughuli za nje ya darasa: binti anayetaka kuomba vyuo vya Marekani akazanie lipi?

Mama Neema

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu waliopitia njia hii, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuomba chuo nje ya nchi, na kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Binti yangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), katika shule ya bweni ya serikali. Kidato cha nne alipata daraja la kwanza la pointi 9, na kwa hesabu zetu za kawaida njia yake ilikuwa imenyooka: asome, afaulu kidato cha sita, aombe uhandisi hapa nchini, nasi tuhangaike na mkopo wa Bodi. Mwaka jana, hata hivyo, alifika shuleni kwao mgeni aliyewaeleza kuhusu vyuo vya Marekani vinavyomlipia mwanafunzi karibu kila kitu, akawaambia kwamba vyuo hivyo havimtaki mtoto wa vitabu tu, bali vinamtaka kiongozi, mwanzilishi wa asasi, mtu mwenye vyeti vya kujitolea. Tangu siku hiyo mwanangu hatulii. Ni mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, katibu wa klabu ya mazingira, mwanakwaya, na sasa yeye na wenzake watatu wanataka kuanzisha asasi ya kuwasaidia wasichana, jambo ambalo kwa umri wao sijui hata linasajiliwaje. Likizo iliyopita alikuwa akikesha na simu yangu akifanya kozi fupi za mtandaoni ili apate vyeti. Ripoti ya muhula ilipokuja, Fizikia ilikuwa imeshuka kutoka 78 hadi 61, na Hisabati kutoka 74 hadi 58.

Baba yake amekwisha kutoa hukumu kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba aache yote arudi kwenye daftari. Mimi sina uhakika. Sitaki kumkatisha tamaa kama kweli vyuo hivyo vinapima hivyo, wala sitaki afike kidato cha sita akose huko na huku. Kwa mnaojua: wanaochagua wanafunzi katika vyuo hivyo wanaweka nini mbele, na shughuli hizi zina uzito gani hasa?

Mhitimu wa 2016

Shikamoo mama. Nilisoma shahada yangu ya kwanza katika chuo cha aina hiyo, na nilitoka shule ya serikali kama ya binti yako, kwa hiyo nitajaribu kueleza nilivyoelewa baada ya kupita, kwa sababu wakati naomba nilikuwa gizani kama wewe.

Mgeni yule hakuwadanganya, ila aliwaambia nusu ya pili ya maneno na kuiacha nusu ya kwanza. Jambo hili tunalijua vizuri kuliko zamani kwa sababu Chuo Kikuu cha Harvard kilishtakiwa, na kesi iliposikilizwa mjini Boston mwaka 2018 taratibu zake za ndani ziliwekwa hadharani. Kesi yenyewe ilihusu rangi na asili ya waombaji, na ndilo jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililitolea uamuzi mwaka 2023. Lakini katika ushahidi ilionekana kwamba kila mwombaji hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo ya juu kabisa, hadi 6, katika maeneo kadhaa yakiwemo taaluma, shughuli za nje ya darasa, michezo, na kile wanachokiita sifa binafsi. Hakuna kanuni ya kujumlisha alama hizo kama Baraza la Mitihani linavyojumlisha pointi. Faili husomwa na watu, hupelekwa kwenye kamati, watu hubishana, kisha hupiga kura.

Sasa sikiliza takwimu moja iliyotajwa katika hukumu ya kesi hiyo, kwa maana ndiyo inayoeleza kila kitu. Katika waombaji wapatao 26,000 wa ndani ya Marekani walioomba kuingia mwaka 2015, takriban 8,000 walikuwa na wastani usio na dosari katika alama zao za sekondari, na zaidi ya 3,000 walikuwa wamepata alama zote za sehemu ya hisabati katika SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwapima waombaji. Nafasi hazikufika 2,000. Chuo kikikubali wenye alama kamili pekee, bado kitakuwa na watu mara nne ya vitanda vyake. Hapo ndipo shughuli zinapoingia: zinawatenganisha watu ambao alama zimeshindwa kuwatenganisha. Hazimwokoi aliyeachwa nyuma na alama. Mtoto mwenye asasi tatu na Fizikia ya 61 inayoporomoka, faili lake huenda likafungwa kabla mtu hajafika ukurasa wa asasi.

Jambo la pili ni la kalenda, na ndilo ambalo wazazi wengi wa kwetu hawalijui. Sisi tumezoea kwamba muhula ni mazoezi na mechi ni mtihani wa taifa. Tume ya Vyuo Vikuu haiulizi ulipata ngapi kidato cha tano. Inaangalia matokeo ya kidato cha sita, basi. Maombi ya Marekani mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na wale wanaoomba mapema hufunga Novemba. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei! Maana yake ni kwamba uamuzi hutolewa kabla binti hajaingia chumba cha mtihani, na wanachokisoma ni matokeo ya kidato cha nne pamoja na ripoti za muhula za kidato cha tano na mwanzo wa cha sita. Ile ripoti iliyokushtua, mama, ndiyo hasa watakayoisoma. Wakiona 78 ikawa 61 watauliza kulitokea nini, na jibu kwamba alikuwa akikusanya vyeti halitamsaidia.

Kuhusu vyeti vya kozi fupi, nitasema bila kuficha: mimi nilipeleka kumi na kimoja, na sijapata kukutana na mtu aliyeniambia kwamba alivitazama.

Mwalimu wa Taaluma

Mama Neema, mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya serikali, na katika miaka kadhaa iliyopita nimewaandikia barua wanafunzi wapatao saba walioomba vyuo hivyo. Kijana aliyetangulia amesema vizuri. Ninaongeza upande wa shule.

Kwanza, usiogope 61 kama namba. Katika kidato cha sita 60 ni C, na 80 ndiyo mwanzo wa A, na walimu wetu wengi wa Fizikia husahihisha muhula kwa ukali kuliko Baraza lenyewe. Msomaji wa Marekani aliyezoea kuona 95 hatalielewa hilo asipoelezwa. Ndiyo maana pamoja na maombi shule hutuma maelezo yake yenyewe: ina wanafunzi wangapi, madaraja yakoje, wa kwanza darasani alipata ngapi, maabara ipo au haipo. Shule nyingi za kwetu hazijawahi kuyaandika maelezo hayo, na mkuu wa shule huweza kukuuliza kwa nini mtoto mmoja anataka karatasi zote hizo. Nenda mapema, nenda kwa heshima, na mwambie mwalimu wa taaluma wa shule ile kwamba ukurasa mmoja unatosha. Kama 61 ilikuwa ya pili kwa ukubwa katika darasa la watu 90, hiyo ni habari nyingine kabisa na inapaswa kuandikwa.

Pili ni fomu yenyewe. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi ina nafasi kumi za shughuli, na kila moja hupewa herufi 150 za kuieleza, nafasi zikihesabiwa. Ni sentensi moja, labda mbili fupi. Huwezi kuitetea asasi iliyozaliwa mwezi uliopita kwa herufi 150, ila unaweza kusema kwa herufi hizo kwamba umefundisha Hisabati kidato cha pili kila Jumamosi kwa miaka miwili na wanafunzi waliokuwa wakihudhuria waliongezeka kutoka sita hadi thelathini.

Katika orodha ya aina za shughuli mna kipengele cha majukumu ya kifamilia, na kingine cha kazi ya malipo. Wanafunzi wetu huviruka, kwa sababu wanaona aibu. Nilikuwa na kijana aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri wakati wa likizo kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa kwa baiskeli kabla ya kumsaidia mama yake gengeni. Kwenye rasimu yake ya kwanza hakuandika hata neno moja juu ya hayo, akaandika kwamba ni mwanachama wa klabu ya Umoja wa Mataifa, ambayo kwa ushahidi wangu ilikutana mara moja. Nilimwambia aifute klabu aandike maziwa. Muulize Neema akiwa nyumbani hufanya nini. Kama anauza dukani, anamuuguza bibi, au ndiye anayewasimamia wadogo zake, hiyo ni shughuli, nayo inahesabiwa kwa saa na wiki kama nyingine zote.

Ningekuwa mimi, asasi ningeiacha na kwaya ningeibakiza iwapo anaipenda, kwa kuwa kwaya haimli muda. Mdahalo uendelee.

Mzee wa Hoja

Ninawaheshimu walionitangulia, lakini naona tumeshaukubali mfumo huu kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni, na mama aliyeuliza ana haki ya kujua ulikotoka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vikubwa vya Marekani vilikuwa vikichagua kwa mtihani wa kuingia, kwa kiasi kikubwa. Matokeo yake ni kwamba vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini, waliingia kwa wingi kwa sababu walifaulu. Kufikia mwaka 1922 walikuwa kama asilimia 21 ya waliokuwa wakiingia Harvard, na rais wa chuo hicho, Lowell, alitaka wawekewe ukomo wa asilimia 15. Pendekezo la kikomo cha wazi lilipigiwa kelele likakataliwa, na ndipo ukaja utaratibu wa kupima tabia, uongozi, picha, mahojiano, na malezi ya nyumbani, vitu ambavyo havina alama na kwa hiyo haviwezi kukatiwa rufaa. Simaanishi kwamba maofisa wa leo wana nia ile ya Lowell. Ninachosema ni kwamba kipimo kisicho na rula kiliwekwa na watu waliotaka kuwa huru kutoitumia rula, na uhuru huo ungalipo.

Tena tuone unamfaidi nani. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vya daraja la juu kabisa, wakalinganisha wanafunzi wenye alama zilezile za SAT au mtihani unaofanana nao. Mtoto wa familia iliyomo katika asilimia moja ya matajiri alikuwa na nafasi ya kuishia kusoma katika vyuo hivyo zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kukubaliwa kwa urahisi zaidi. Sababu walizozikuta ni tatu: upendeleo kwa watoto wa waliosoma pale, usajili wa wanamichezo, na alama za juu katika mambo yasiyo ya taaluma, ambazo wanafunzi wa shule binafsi za gharama huzipata kwa urahisi. La kushangaza zaidi ni kwamba alama hizo zisizo za taaluma hazikuonyesha nani atafanikiwa baada ya chuo. Zilizoonyesha ni zile za taaluma. Mashua ya kupiga makasia, upanga wa michezo, vinanda: hivi havipatikani shule ya kata.

Watu wa Oxford na Cambridge kule Uingereza hawahangaiki na hayo kwa kiwango hicho. Anayekuhoji ni mwalimu wa somo lenyewe, anataka kujua kama unalipenda na unaweza kulifikiri, na ubingwa wako wa mpira wa wavu haumhusu. Nasi pia tusiudharau utaratibu wetu. Mtihani wa taifa haumtambui mtoto wa waziri wala mtoto wa mkulima. Tuisheni ndiyo inayowatambua, nakubali, na maabara vilevile. Lakini karatasi ikishakusanywa inasahihishwa kwa namba. Ushauri wangu kwa mama ni kwamba baba ana hoja kubwa kuliko anavyopewa sifa.

Mhitimu wa 2016

Mzee, historia hiyo ni kweli na sipingani nayo. Ninapingana na hatua ya mwisho. Utafiti huohuo unaelezea watoto wa matajiri wa Marekani wakilinganishwa na wa kipato cha kati wa Marekani, ilhali faili la Neema halilinganishwi na la mtoto anayepiga makasia. Waombaji wa kutoka nje husomwa kwa mazingira yao, na wingi wa wanaotaka ufadhili ndio ukuta wao mkubwa, kwa kuwa vyuo vingi huuangalia uwezo wa kulipa wa mwombaji wa nje kabla ya kumkubali. Vichache tu, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havifanyi hivyo. Hilo ni jambo zito kuliko mdahalo na kwaya zote, na hakuna mgeni aliyewaambia watoto.

Halafu kuna upande mmoja ambao hoja ya mzee inamsaidia binti moja kwa moja. Wakati wa korona vyuo vingi viliacha kudai SAT, na watu wakashangilia kwamba maskini wamekombolewa. MIT ilikuwa miongoni mwa vile vikubwa vya kwanza kuirudisha, Machi 2022, ikieleza kwamba bila mtihani ilikuwa vigumu kumtambua mwenye uwezo aliyetoka shule isiyo na masomo ya juu. Dartmouth ikafuata Februari 2024, baada ya kugundua kwamba waombaji wa familia duni walikuwa wakizificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo, kumbe kwa mazingira yao zilikuwa kubwa. Yale, Brown na Harvard nao walitangaza mwaka huohuo. Kwa mtoto ambaye shule yake haijulikani huko, SAT ndiyo rula ambayo mzee anaitafuta. Sehemu ya hisabati ya mtihani huo haimzidi mwanafunzi wa PCM. Kiingereza cha kusoma kwa kasi ndicho kitamtoa jasho. Miezi aliyotaka kuitumia kusajili asasi aitumie hapo.

Mama Neema

Nawashukuru sana, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kwanza niende shuleni siku ya wazazi.

Nimezungumza na mwalimu wa taaluma wa pale. Alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, na ameniambia kwamba katika Fizikia 61 ilikuwa ya nne kati ya wanafunzi 84, jambo ambalo ripoti haikuonyesha popote. Hisabati ni kweli imeshuka, hapo hapana utetezi. Tumekubaliana na Neema kwamba asasi inasubiri na kozi za mtandaoni zinaachwa. Mazingira ameikabidhi kwa mwenzake. Nilipomuuliza afanyacho nyumbani alicheka, kisha akasema kwamba tangu kidato cha kwanza ndiye anayeniandikia hesabu za kikoba cha kina mama thelathini na wawili, na kwamba mwaka juzi aligundua kosa katika riba tuliyokuwa tukigawana. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa.

Swali langu lililobaki: mtihani wa moko wa mkoa, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha sita, unaangukia karibu na mashindano ya mdahalo. Aende?

Mwalimu wa Taaluma

Hesabu za kikoba ziandikwe juu ya mdahalo, tena atie idadi ya wanachama na miaka aliyoifanya kazi hiyo. Kuhusu kosa la riba, hilo alitunze kwa ajili ya insha, maana herufi 150 zitalinyonga.

Kuhusu swali lako, wakati moko inafanyika fomu zitakuwa zimeshatumwa, kwa hiyo mashindano hayo hayataongeza chochote kwenye maombi. Lakini chuo kikimkubali kitadai matokeo ya mwisho, na kina haki ya kuondoa nafasi yake kama ameporomoka, na kikimkataa atahitaji pointi za Tume kama mwanafunzi mwingine yeyote. Abaki afanye moko. Kama timu haina msemaji wa pili, waombe kijana wa kidato cha tano wamfundishe, na Neema amsaidie kuandaa hoja jioni mbili kabla ya mtihani kuanza, si zaidi ya hapo.